Jumanne Baada ya Magharibi

Meli ilikuwa imeshafungua kamba na kuachana na gati la Jepara, pwani ya Java, kiasi cha hatua thelathini, ndipo Lukito alipotokea anakimbia, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, tiketi kaibana kwa meno.

Kinasih, akiwa nyuma melini kashika vyuma, alimwona. Hakumpungia mkono. Simu ikalia.

"Asih, shuka."

"Nishukie wapi, Mas? Majini?"

"Mwambie nahodha arudi. Mimi nimeshafika."

"Umefika saa moja na dakika ishirini. Meli ni ya saa moja."

"Nilikuwa njiani."

"Saa kumi na moja na nusu uliniandikia uko njiani. Nikakupigia, nikasikia feni ya chumbani kwako inavyokwaruza. Njia gani hiyo yenye feni?"

Kinasih alimwona pale gatini akivaa ile kandambili ya pili kana kwamba bado kuna mahali pa kwenda.

"Basi ukifika geuza na meli ya kurudi. Twende wote Ijumaa."

"Hii ndiyo Ijumaa ya tano unaniahidi. Ya kwanza vanishi iliisha. Ya pili mteja wa Surabaya. Ya tatu jino. Ya nne hata sababu hukujisumbua kuitafuta."

"Usiende kwa yule bibi peke yako, nakuomba. Mzee yule, anachanganya mambo. Halafu kwake mbali, ile barabara ya kwenye mikoko ni mbovu."

"Nitaikuta."

"Asih..."

Mtandao ukakatika. Lukito akabaki mdogo, kisha akawa doa, kisha hata doa halikuonekana.

Kinasih alikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa kusugua na kupaka rangi samani za mitiki. Mikono yake ilikuwa migumu kuliko ya wanaume wengi, na watu wa Jepara walimheshimu kwa kazi. Kwa jambo lingine hawakumheshimu. Kila Idi, akiingia nyumba hii kuomba radhi na kutoka nyumba ile, swali lilikuwa moja: utaolewa lini? Wanauliza huku wanakusukumia sahani ya biskuti, wanacheka, na wewe unatakiwa ucheke.

Tena mume alikuwepo. Lukito, Mas kwake, yaani kaka, mwenye karakana ya vitanda vya kuchonga pamoja na mama yake, alikuwa ameshakuja nyumbani kubisha hodi miaka miwili iliyopita. Alikuja na mama yake, Bu Martinah, yaani Mama Martinah, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Bu Martinah alikunywa chai, akasifu viti, akauliza siku aliyozaliwa binti. Kinasih akajibu kama cheti kinavyosema: Jumanne, na kwa juma la soko la siku tano, Pon.

Basi. Kule Java kila siku ina namba yake, na kila siku ya soko ina yake. Jumanne ni tatu, Pon ni saba. Kinasih akawa kumi. Lukito alizaliwa Ijumaa Pahing, sita na tisa, kumi na tano. Ukijumlisha ni ishirini na tano, na ishirini na tano, ukiigawa kwa nane, inabaki moja. Moja maana yake kutengana. Nyota haziendani. Wiki moja baadaye likaja jibu, la heshima, lililofungwa pamoja na kapu la maembe: tunaomba samahani, mama anaogopa kuwazika watoto wake wakiwa hai.

"Subiri," Lukito alisema siku ile. "Mama atalegea."

Kinasih akasubiri. Aliwakataa wawili waliokuja kwa heshima zao. Akasubiri tena.

Hadi Idi ya mwaka huu. Shangazi yake Darsi alikuja Jepara kutoka kisiwa cha Karimunjawa, alikozaliwa Kinasih, na wakiwa jikoni wanasuka majani ya mnazi ya kupikia wali, shangazi akasema tu, bila kukusudia lolote:

"Siku uliyozaliwa wewe nilitumwa maji, nikavunja mtungi kwa kiza. Ngoma ya msikitini ya Magharibi ilikuwa imeshapigwa."

Jani likamdondoka Kinasih.

"Imeshapigwa, shangazi? Una hakika?"

"Mtungi ulikuwa wa marehemu bibi yako. Nilichapwa. Mtu hasahau."

Kwa Wajava, kama ilivyo kwa wazee wetu wengi, jua likizama siku imekwisha. Jumanne baada ya Magharibi si Jumanne. Ni Jumatano, na siku ya soko nayo inasogea. Kinasih alihesabu kwa vidole vyenye unga wa mchele, na alipomaliza alikaa chini.

Bu Martinah asingekubali neno la shangazi. Shangazi ni wa upande wa bibi harusi. Angelikubali neno la mtu mmoja tu, yule aliyekata kitovu. Mkunga Mbah Sukinem, yaani Bibi Sukinem, alikuwa bado hai, kisiwani. Kinasih alimwambia Lukito siku hiyohiyo. Lukito akasema, "Tutakwenda, Ijumaa." Ndiyo zikaanza zile Ijumaa.

Pembeni yake melini alikaa mama mmoja mwenye kikapu cha mi, tambi za vikombe.

"Binti, unakwenda kuogelea?"

"Hapana, mama. Nakwenda kwa mkunga."

"Alhamdulillahi. Mimba ya ngapi?"

"Siyo mimba. Ni kuzaliwa kwangu mimi."

Yule mama akamtazama, akamtazama tumbo, kisha akampa mi bila kumuuliza jambo jingine.

Ujumbe uliingia meli ilipokaribia kisiwa, mtandao uliporudi. Ulikuwa mmoja juu ya mwingine.

*Umefika?*

*Pumzika kwanza kwa shangazi. Usitoke leo.*

*Nisubiri. Nakuja na boti ya kasi. Usiende kwa Mbah mpaka nifike.*

Kinasih akajibu: *Ukifika nitakuwa nimesharudi.*

Shangazi Darsi alikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba vinne nyuma ya uwanja wa mji, na wakati huo alikuwa anaanika mashuka ya watalii. Hakumkumbatia mpwa wake. Alimpa ncha ya shuka akabana pini za nguo mdomoni.

"Yuko wapi?"

"Gatini."

"Gati lipi?"

"La Jepara."

"Kachelewa?"

"Kachelewa."

Shangazi akatema pini moja kiganjani.

"Yule akifa, jeneza litamsubiri."

Pikipiki waliazima kwa jirani, Sarwono, fundi wa injini za boti, mtu mpole mwenye grisi hadi masikioni. Alimkabidhi Kinasih ufunguo.

"Breki ya nyuma hakuna," akasema.

"Na ya mbele?"

"Ya mbele inategemea."

Barabara ya kwenda Kemujan, kwa Mbah Sukinem, ilipita kwenye mikoko, na ilikuwa mbovu kweli, mashimo yamejaa maji ya chumvi. Kinasih alikuwa katikati ya shimo la tatu, miguu juu, ndipo akili ilipomrudia. Mas Lukito amejuaje barabara hii? Akajijibu kwamba pengine amewahi kuja kutembea na wenzake. Watu wa Jepara huja kupiga picha ufukweni. Akaendelea kuendesha.

Mbah Sukinem alikuwa barazani anashona kanzu ya mjukuu, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini na masikio mazima.

"Wewe mtoto wa Parjan," alisema kabla Kinasih hajavua viatu. "Miguu ileile. Ulitoka na miguu mbele, ukamtesa mama yako."

"Samahani, Mbah."

"Huna kosa. Kaa. Umekuja kuuliza saa."

Kinasih akaganda na kiatu kimoja mkononi.

"Mbah umejuaje?"

"Nitaacha kujua? Watu wanakuja kwangu kwa mambo mawili, mgongo na saa. Wewe mgongo wako mzima." Akakata uzi kwa meno. "Ngoma ya Magharibi ilipigwa, baba yako akawa msikitini, mimi nikamtuma yule Darsi maji akavunja mtungi. Ulilia watu walipokuwa wanatoka kuswali. Ni Jumatano Wage hiyo, wala usibishane na mtu. Cheti aliandika karani wa serikali. Yeye siku yake inakatika saa sita usiku, sijui nani alimfundisha."

Machozi yalimtoka Kinasih, ya furaha, na alikuwa anayafuta kwa mkono wenye matope ya barabarani.

"Sasa Mbah, utakubali kumwambia mama mmoja kwa simu? Anaitwa Bu Martinah, ni mama wa..."

"Lakini si nilishamwambia kijana wake?"

"Kijana gani?"

"Wa samani. Mrefu, ana kovu la patasi hapa kwenye dole gumba. Alikuja mwaka jana, mwezi wa maandazi." Kwa Mbah, mwezi wa maandazi ulikuwa ule wa Idi. "Alikaa hapohapo ulipokaa. Nikamwambia kama nilivyokwambia. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Nikamuuliza, mbona umepauka, si habari njema? Akasema ni jua."

Kinasih alikiweka chini kile kiatu.

"Alileta biskuti," Mbah aliendelea, naye akavuta bati la biskuti lililokuwa mbele yake, lile alilotilia nyuzi na sindano. "Nzuri sana. Mama yake fundi."

Juu ya mfuniko palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, mwandiko wa mtu mzima, herufi za mviringo: *Kwa Mbah aliyemkata kitovu Kinasih. Tunaomba utukumbukie saa. Mama Lukito.*

Kinasih aliisoma mara mbili. Miaka miwili alikuwa amemchukia mwanamke huyu. Alimchukia akisugua mbao, alimchukia akipiga pasi.

"Mbah, naomba nipige simu."

"Piga. Ukilia, lia huko uani, mjukuu kalala."

Msichana hampigii mama wa mwanamume kuuliza habari ya ndoa yake mwenyewe. Ni jambo la aibu, na Kinasih hakuwahi kulifanya. Alipiga akiwa amesimama kwenye banda la kuku.

"Asalaam alaykum, Bu."

"Waalaykum salaam. Nani mwenzangu?"

"Kinasih."

Upande wa pili wa simu ilisikika randa ikisukumwa, ikasimama.

"Kinasih. Hujambo, binti yangu?"

"Sijambo, Bu. Nina swali moja. Mwaka jana ulimtuma Mas Lukito kwa Mbah Sukinem?"

"Nilimtuma. Nilikosa usingizi kwa ajili yako. Nikasema huenda cheti kimekosea, watu wa visiwani wanaandikisha hovyo. Nikaoka biskuti, nikamtuma akaulize saa."

"Akakuletea jibu gani?"

"Alfajiri. Kabla ya adhana, Jumanne. Kwa hiyo hakuna kilichobadilika." Sauti yake ikashuka. "Nililia, usione hivi. Tangu hapo kila Ijumaa nakuombea dua upate mume mwingine, mwema, usizeeke na mwanangu mikononi."

"Bu, nipo kwa Mbah sasa hivi. Ni baada ya Magharibi."



"Rudia."

"Baada ya Magharibi. Watu wanatoka kuswali."

"Hiyo siyo Jumanne."

"Ndiyo, Bu."

"Jumatano Wage. Saba na nne." Kinasih alimsikia akihesabu, kwa kunong'ona, kama anayevuta tasbihi. "Kumi na moja. Na kumi na tano. Ishirini na sita. Inabaki mbili. Mfalme na malkia. Nyumba ya kuheshimiwa. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi na baba yake."

Kinasih alijua habari ya baba yake Lukito. Kila mtu Jepara aliijua. Alikwenda Kalimantan kukata mbao na hajarudi, mwaka wa ishirini na sita huu.

"Yuko wapi huyo mtoto?" aliuliza Bu Martinah.

"Anasema anakuja huku."

"Mimi kaniambia anakwenda Semarang kununua vanishi."

Lukito alishuka kwenye boti ya kasi alasiri, katapika hadi macho yamekuwa mekundu. Kinasih alikuwa ufukweni, nyuma ya nyumba ya shangazi, kakaa juu ya kiti cha miti kilichovunjika mguu. Maji yalikuwa ya kijani kibichi na watalii walikuwa wanacheka ndani yake. Lukito alisimama mbele yake na viatu mkononi.

"Umekwenda," alisema.

"Nimekwenda. Mbah anakusalimia, wewe na kovu lako la dole gumba."

Lukito akakaa mchangani. Hakukana. Angalau hilo.

"Mwaka mzima, Mas."

"Najua."

"Miezi kumi na tatu. Umekaa mezani kwetu, umekula wali wa mama yangu, unamwambia 'tuvute subira, mama yangu mgumu'. Mama yako anaoka biskuti."

"Najua, Asih."

"Usiniambie unajua. Niambie kwa nini. Una mwanamke mwingine?"

"Sina. Wallahi sina."

"Ningependa ungekuwa naye. Ningeelewa."

Alichora kitu mchangani kwa kidole, akakifuta.

"Nilipohesabu pale barazani nikapata ishirini na sita. Ile ile ya baba na mama. Mama kila siku alikuwa ananiambia, sisi tulikuwa ishirini na sita, mfalme na malkia, ndiyo maana baba yako atarudi. Nina miaka tisa namsikia. Nina kumi na tisa namsikia. Bado anafua shuka la baba. Ishirini na tano nilikuwa naiweza. Ishirini na tano ikivunjika, tunasema namba ilituambia. Ishirini na sita ikivunjika, nimeivunja mimi."

Kinasih alimtazama muda mrefu. Alikuwa anampenda, hilo ndilo lililokuwa linamuudhi kuliko yote. Alikuwa ameelewa kila neno, na kuelewa hakukupunguza kitu.

"Kwa hiyo ukaona afadhali nisubiri mimi, nivunjike polepole, wewe usivunje kitu."

"Sikuiona hivyo."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Basi tuoane," Lukito alisema ghafla, akapiga magoti mchangani. "Hakuna kizuizi sasa. Mama anajua. Namba nzuri. Tuoane."

"Lini?"

"Karibuni."

"Karibuni siyo siku, Mas. Umezaliwa Java, unazijua siku zote kwa majina. Nitajie moja."

"Tuangalie kwanza..."

"Usiangalie. Taja."

Mdomo wake ulifunguka. Hapo wakaja watalii wawili, mume na mke, wazungu waliobabuka mabega, wakamnyooshea simu wakimwomba awapige picha. Lukito akanyanyuka mara moja. Akawapiga wakiwa wima, akawapiga wamekaa, akawasogeza jua lisiwe nyuma, akawaambia kwa mikono wakaribiane, wacheke. Aliwapiga kama kumi. Wakamshukuru, naye akainama kwa adabu.

Aliporudi, Kinasih alikuwa ameshasimama.

"Umeona?" alimwambia. "Kwa watu usiowajua hukuchelewa hata kidogo."

Lukito angeondoka kesho yake, lakini bandari ikafungwa. Mawimbi ya mita tatu, hakuna meli inayotoka wala kuingia. Siku nne. Chumba pekee kilichokuwa wazi kwa Shangazi Darsi kilipakana na cha Kinasih, ukuta wa mbao nyembamba, na shangazi alimpa bila kumuuliza mtu.

Kila asubuhi shangazi alimwekea sahani ya wali na samaki wa kuchoma.

"Mgeni, leo umepata tarehe, au nikuongeze wali?"

Siku ya kwanza Lukito alicheka. Siku ya pili alitabasamu. Siku ya tatu alisema hana njaa.

Siku hiyo ya tatu Bu Martinah alimpigia Kinasih.

"Binti yangu, nimeshaloweka mchele wa kunata kwa ajili ya posa. Amesema lini?"

"Hajasema, Bu. Usiloweke."

"Umeshalowekwa."

"Basi upike mle. Bu, huwezi kumwambia wewe? Wewe akikwambia..."

Mama yule alivuta pumzi ndefu.

"Naweza. Nikimwambia Jumatano, atasema ndiyo mama. Nimemsemea miaka thelathini na tano, na matokeo ndiyo hayo unayo huko, yanakula samaki. Nikimsemea na hili, utakuwa umeolewa na mimi."

Jioni ya siku ya nne, kabla jua halijazama, Kinasih alimkuta Lukito ufukweni anatengeneza kile kiti kilichovunjika mguu. Alikuwa ameuchonga mguu mpya kwa kisu cha jikoni, safi, umeingia sawasawa. Mikono yake haikuwa na kasoro kwenye mbao. Kinasih alikikalia, kikamhimili.

"Kimekaa vizuri," alisema.

"Ni mbao mbaya lakini itadumu."

"Mas, kesho meli inatoka. Sikuombi uniambie unanipenda, najua. Nakuomba siku moja. Ikiwa ni ya mwakani, sawa. Ikiwa ni ya mwaka wa tatu, sawa. Nitaisubiri ikiwa na jina. Siwezi tena kusubiri kitu kisicho na jina."

"Nipe usiku huu nifikirie."

"Kabla hujapanda meli."

"Kabla sijapanda."

Meli ilikuwa ya saa tatu asubuhi. Gati lilikuwa limejaa, watu wa siku nne na mizigo ya siku nne. Kinasih alimbebea Lukito mfuko wa dagaa wa kupelekea mama yake. Walisimama.

"Asih, nimefikiria."

"Ndiyo."

"Nadhani sikukuu ikipita..."

"Sikukuu ipi?"

Alitazama meli. Alitazama miguu yake. Watu wa nyuma walikuwa wanasukuma.

"Ikipita," alisema.

Kinasih alimkabidhi mfuko wa dagaa, akauweka vizuri mkononi mwake, na kumfunga vidole juu yake.

"Msalimie mama. Mwambie biskuti zake Mbah alizipenda."

Lukito akapanda. Meli ikapiga honi, ikafungua kamba, ikaachana na gati. Kinasih hakuondoka mara moja. Alimwona pale nyuma, kashika vyuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili unahangaika na simu.

Simu yake ikatetemeka.

*Jumatano Wage inayokuja. Siku yako ya kuzaliwa. Nimehesabu, ni siku kumi na saba kutoka leo. Jumatano Wage, Asih. Nimesema.*

Alisoma. Moyo wake uliruka kabla hajauzuia, na hilo likamkasirisha pia. Aliinua macho. Meli ilikuwa hatua kama thelathini, labda zimeshafika arobaini. Lukito alikuwa anapunga mikono yote miwili na dagaa ndani yake.

Kinasih aliandika polepole, kwa vidole vyake vigumu.

*Meli imeshaondoka, Mas.*

Kisha akazima simu, akarudi kumsaidia shangazi kubadilisha mashuka.

Lukito alikuja kisiwani tena siku ile ya Jumatano Wage, akiwa na mama yake na mchele wa kunata. Alifika saa tisa alasiri. Alikuwa amesema saa nne. Kinasih aliwapokea wote wawili kwa adabu, akala ule wali na Bu Martinah, na kukataa. Lukito bado yuko Jepara. Amechumbia binti wa mji wa Kudus, na harusi itakuwa sikukuu ikipita.

Bu Martinah aliacha kufua shuka la mumewe. Kila Idi anampelekea Kinasih bati la biskuti.

Kinasih hakurudi Jepara. Anatengeneza viti vya ufukweni kwa nyumba za wageni. Akiwa na miaka thelathini na nne aliolewa na Sarwono, fundi wa injini, yule mwenye pikipiki. Sarwono hajui siku aliyozaliwa, wazazi wake hawakuandika, kwa hiyo hakuna aliyehesabu chochote. Wana mtoto mmoja wa kike. Breki ya nyuma imetengenezwa.

Shangazi Darsi ameongeza vyumba viwili.

Mbah Sukinem alifariki mwaka uliofuata safari ile ya Kinasih, siku ya Jumanne, ngoma ya Magharibi ikiwa imeshapigwa. Karani aliandika Jumanne. Walipokaa kupanga hitima za siku ya saba, ya arobaini na ya mia, familia ilihesabu kuanzia Jumatano.